Muda, Wakati na Kusawazisha: Tahakiki ya Istilahi za Sauti katika Uhuishaji

Kazi ya kuhuisha picha, yaani kuzifanya picha zilizochorwa zionekane zikitembea na kusema, imekwisha kuota mizizi nchini mwetu, lakini istilahi zake bado zinayumba. Mwezi Januari 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kuonyeshwa na televisheni ya TBC1, kikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kwa njia ya hadithi na nyimbo. Mwaka 2016 kikafuatiwa na Akili and Me kwa ajili ya watoto wadogo zaidi. Leo wapo vijana wa Kinondoni na Temeke wanaoifanya kazi hii katika vyumba vya kupanga, kwa kompyuta moja na kipaza sauti kimoja. Baadhi yao walifundishwa darasani, na wengine walijifunza kwa kukaa kando ya mwenzao anayejua.

Miongoni mwa vijana hao hupita mkono kwa mkono maelezo ya mafunzo yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Tumeyasoma baadhi yake, na ndiyo tunayoyatahakiki hapa, kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa sauti. Walioyaandika hatutawataja, wala hatukusudii kuwadharau. Wamethubutu kuandika kwa lugha ya taifa jambo ambalo wangeliweza kuliacha katika Kiingereza bila ya kulaumiwa na mtu yeyote. Ila maneno mawili waliyoyachagua yamebebeshwa mzigo usiobebeka, na anayeulipia ni mwanafunzi.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaiona, kazi yenyewe ni hii. Mchoraji hutengeneza picha moja moja, na kila picha huitwa fremu. Katika utaratibu wa televisheni unaotumika kwetu hupita fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu hukaa machoni kwa sehemu 40 kati ya 1,000 za sekunde. Sauti hurekodiwa kando. Baadaye huingizwa katika programu ya kompyuta ikiwa vipande vipande, kama vile neno lililosemwa, mlango unaogongwa au wimbo, na kila kipande hupangwa chini ya picha zake katika mstari unaosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kila kipande fundi ana maswali mawili ya kujiuliza: kianze wapi, na kiendelee kwa urefu gani? Karibu kazi yote ya sauti imo katika maswali haya mawili, na hapo ndipo maelezo tuliyoyasoma yanapokwama.

Yanakwama kwa sababu neno "muda" limetumiwa kujibia maswali yote mawili. Mwanafunzi huambiwa abadilishe muda wa sauti, na mara nyingine aongeze muda wa sauti kwa fremu 5. Je, akisogeze kipande kizima mbele kwa fremu 5, au akirefushe kwa fremu 5? Sentensi haimwambii. Tuchukue mfano wa mlango. Mkono unagusa ubao katika fremu ya 48, lakini mgongo unasikika katika fremu ya 43. Sauti imewahi, na dawa yake ni kuisogeza. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba ameagizwa kurefusha atauvuta mgongo ule uwe mrefu, na programu, kwa utiifu wake, itaunyoosha. Mgongo mfupi mkavu utageuka kuwa mkwaruzo kama wa kabati linaloburutwa sakafuni, na bado utaanza katika fremu ile ile ya 43. Mwanafunzi atadhani programu ni mbovu au masikio yake hayafai, hali ni neno tu.

Kiswahili kina maneno mawili kwa maana hizi mbili, nayo ni ya siku zote. Muda ni kipimo, ni urefu wa kutoka hapa hata pale. Wakati ni mahali ambapo jambo hutokea katika mwendo wa siku. Tunajua kwamba katika mazungumzo maneno haya hubadilishana viti, na mtu wa Manzese akisema "muda wa kula umefika" hakuna atakayekosa chakula chake. Lakini lugha ya kazi haina ruhusa hiyo. Lazima baharia atofautishe kamba na kamba, na fundi wa sauti naye atofautishe wakati wa kuingia na muda wa kipande. Tunapendekeza basi: "wakati wa kuingia" kwa fremu ambayo sauti inaanzia, "muda" kwa urefu wa sauti yenyewe, na kwa urefu huo tu, "kusogeza" kwa kubadili wakati wa kuingia, na "kurefusha" au "kufupisha" kwa kubadili muda. Kwa sababu hiyo hiyo twaona "mstari wa wakati" ni bora kuliko "mstari wa muda", ingawa huu wa pili umeanza kuzoeleka. Mstari ule unaonyesha jambo lipi linatokea lini; vipande vilivyolala juu yake ndivyo vyenye muda.

Neno la pili ni "kusawazisha", na hili limeonewa zaidi. Katika maelezo yale linafanya kazi tatu. Sauti husawazishwa na picha, yaani neno lisikike pale mdomo unapolitamka. Sauti husawazishwa pia na sauti nyingine, ili muziki usimfunike msemaji. Na hatimaye mafaili husawazishwa baina ya kompyuta mbili ili yawe sawa. Kazi hii ya tatu ndiyo inayofahamika sana kwa umma, kwa kuwa menyu za Kiswahili za simu za mkononi zinalitumia neno hili hivyo. Hatuna ugomvi na simu. Lakini fundi anaweza kuzihitaji kazi zote tatu kabla ya adhuhuri ya siku moja, na mwenzake akimwambia "nenda kasawazishe sauti" atabaki ameshika kipanya asijue pa kuanzia.

Asili ya neno ni sawa, na msingi wake ni kuondoa kuzidiana: ardhi husawazishwa, mizani husawazishwa. Kwa hiyo kazi ya pili, ya kuangalia sauti gani iwe juu na ipi iwe chini, ndiyo inayostahiki kubaki nalo. Kwa kazi ya kwanza tunapendekeza "kuoanisha". Neno hili limetoka katika kuoa na kuoana, na tayari hutumika kwa kuvifanya vitu viwili vipatane bila ya kimoja kugeuka kuwa kingine. Sauti na picha hazilingani, wala hazifanani. Zinaoana, kila moja ikibaki na umbo lake. Wako wanaopendelea "kulandanisha". Sisi twaona kulandana kumekaribia mno kufanana, na hivyo neno hilo lingefaa zaidi kwa yale mafaili.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hizi ni za kweli au ni za karatasi tu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 1998 mapendekezo kuhusu jambo hili hili. Yalionyesha kwamba mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti inapoitangulia picha kwa sehemu 45 hivi kati ya 1,000 za sekunde, lakini sauti inapochelewa huvumilia mpaka kiasi cha sehemu 125. Kwa hesabu ya televisheni yetu hiyo ni kama fremu moja kwa sauti inayowahi, na kama fremu tatu kwa sauti inayochelewa. Sababu yake haihitaji maabara. Atazamaye mtu akipasua kuni umbali wa mita 40 huliona shoka likitua kwanza, ndipo asikie mlio, kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Sikio limezoea kuja nyuma ya jicho. Kwa hiyo "sauti iliyowahi" na "sauti iliyochelewa" ni makosa mawili yenye uzito tofauti, na kuyaita yote "sauti isiyosawazishwa" ni kumficha mwanafunzi jambo la kwanza analopaswa kulijua: akiwa na shaka, achelewe, asiwahi.

Liko kosa jingine ambalo neno "kusawazisha" limelifunika kabisa. Filamu za sinema kwa desturi huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na programu nyingi za uhuishaji hufunguka zikiwa zimepangwa hivyo. Kijana akichora wimbo wa dakika moja kwa fremu 24 anapata fremu 1,440. Kazi ikipelekwa kuonyeshwa kwa fremu 25, picha zile zile zitakwisha kwa sekunde 57.6, na sauti itaendelea mpaka sekunde ya 60. Mwanzoni mambo ni mazuri; katikati mdomo umekwisha kuitangulia sauti kwa zaidi ya sekunde moja; mwishoni mwimbaji amefunga kinywa na wimbo bado unaimba. Dawa ya hapa haipatikani kwa kusogeza kipande, kwa sababu kila kitakapowekwa kitaachwa tena. Ni kasi ya fremu yenyewe iliyokosewa. Tungelipenda kosa hili liwe na jina lake, na tunapendekeza "kuachana", maana hivyo ndivyo linavyoonekana: viwili vilivyoanza safari pamoja vinaachana polepole njiani. Anayeambiwa "sauti imechelewa" ataisogeza. Anayeambiwa "sauti na picha zinaachana" atakwenda kuangalia kasi ya fremu.

Sasa tutazame tafsiri ambayo haikukosewa kwa uvivu, bali kwa uaminifu uliopita kiasi. Programu iliyojulikana zamani kwa jina la Flash, ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa Adobe Animate, ina namna mbili kuu za kukifunga kipande cha sauti katika mstari wa wakati. Kwa namna ya kwanza, fremu fulani ikifikiwa sauti huanza, kisha hushika njia yake hadi mwisho hata kama picha zimesimama au zimechelewa. Kwa namna ya pili sauti hufungwa na fremu zake: picha zikisimama nayo husimama, fremu zilizotengwa zikiisha nayo hukoma, na kompyuta ikilemewa na kushindwa kuchora haraka, picha nyingine zitarukwa ili sauti isiachwe. Wenye programu waliita ya kwanza kwa neno lenye maana ya tukio, na ya pili kwa neno lenye maana ya mkondo wa maji. Wafasiri wetu wakatuletea "sauti ya tukio" na "sauti ya mkondo".

Mswahili akisikia "sauti ya tukio" atafikiri habari za polisi. Na "sauti ya mkondo" ataitafuta katika mto Msimbazi. Maneno yamefasiriwa, lakini kazi ya vitu vyenyewe haikufasiriwa. Mwanafunzi anachohitaji kujua ni jambo moja: sauti hii imefungwa na picha au haikufungwa? Tunapendekeza "sauti huru" kwa ile ya kwanza na "sauti fungamani" kwa ile ya pili. Wasomaji wa umri fulani watakumbuka kwamba neno kufungamana lilituhudumia vyema tulipozungumzia nchi zisizofungamana na upande wowote, na hakuna aliyelalamika kwamba ni gumu. Kwa maneno haya kanuni ya kazi husemeka kwa pumzi moja: mazungumzo yawe sauti fungamani, na mlio mfupi wa kubonyeza kitufe waweza kuwa sauti huru. Jaribuni kuisema kanuni hiyo hiyo kwa tukio na mkondo.

Waliotangulia katika kazi ya kufasiri programu walikuwa na afadhali kidogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulika na barua, majedwali na kurasa, vitu vinavyokaa kimya mahali pake. Hapa tunashughulika na vitu vinavyopita, na lugha ya vitu vinavyopita haikuandikwa sana katika orodha zetu.

Lakini jambo ambalo limetushughulisha kuliko yote ni jedwali la vinywa. Mchoraji Mmarekani Preston Blair, aliyepata kufanya kazi kwa Walt Disney, alitoa katika miaka ya 1940 kitabu cha kufundishia uhuishaji, na mafundisho yake yameacha jedwali la maumbo ya kinywa ambalo hata leo limo katika programu nyingi. Kila umbo limeandikiwa herufi zake: umbo moja kwa M, B na P, midomo ikiwa imefungwa, moja kwa F na V, meno yakiwa juu ya mdomo wa chini, na kadhalika. Katika jedwali hilo A na I zimepewa umbo moja, na E imepewa lake peke yake. Maelezo yetu ya Kiswahili yamelinakili jedwali kama lilivyo, herufi kwa herufi.

Msomaji na atamke "baba", kisha "bibi", akijitazama katika kioo. Kinywa cha "baba" kinafunguka kwenda chini. Kinywa cha "bibi" kinatanuka kwenda pembeni, na meno karibu yanakutana. Hakuna mtoto wa Tandika atakayekubali kwamba hivyo ni kinywa kimoja. Jedwali halikukosea kwa Kiingereza, kwa kuwa herufi I katika lugha ile huitwa "ai", na sauti hiyo huanza kwa kinywa kilicho wazi. Nayo herufi E huitwa "ii", ambayo ndiyo irabu yetu ya i. Herufi ni zile zile, sauti si zile. Aliyenakili herufi alidhani kwamba herufi hazihitaji kufasiriwa, na matokeo yake ni bibi anayefungua kinywa kama baba, na mtoto anayejifunza kusoma anaonyeshwa kinywa cha uongo. Katika kipindi cha kufundishia irabu hilo si kosa la urembo.

Kwa upande wetu kazi ni nyepesi zaidi kuliko ya Waingereza. Irabu ni tano, kila moja ina sauti moja, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Maumbo matano ya irabu pamoja na machache ya konsonanti yanatosha. Ila iko silabi moja ambayo jedwali la kigeni haliijui, nayo ni ile m ya "mtu", "mtoto" na "mchele", ambayo ni silabi kamili bila ya irabu. Midomo hufungwa na kukaa imefungwa kwa muda wa silabi nzima. Fundi anayefuata jedwali ataipa fremu moja, kama konsonanti nyingine yoyote, na "mtoto" atasikika ana silabi tatu huku akionekana ana mbili. Hapa tunapendekeza fundi ahesabu kama mshairi anavyohesabu. Neno "mizani" lipo, linafundishwa shuleni, na kila anayejua kwamba "mtoto" ana mizani tatu amekwisha kujua vinywa vingapi vya kuchora. Hakuna haja ya kutafuta istilahi nyingine ya kipimo hicho.

Yaliyobaki tunayapita haraka. "Fremu" tunaikubali, ijapokuwa Dar es Salaam nzima fremu ni chumba cha duka kinachopangishwa, muktadha utazitenganisha. "Kipande" tunakipenda kuliko "klipu", ambayo haina ubaya isipokuwa kwamba haikuhitajika. Wazee watakumbushwa kipande cha kibarua cha enzi za wakoloni, lakini vijana hawana habari nacho. "Tabaka" inafaa kwa sauti zilizolala moja juu ya nyingine. "Kufifisha" inafaa kwa sauti inayopunguzwa hadi kimya. Ndugu zetu wa Kenya wanaosema tarakilishi waachwe na tarakilishi yao. Vipande vitaingia humo vile vile.

Kanuni yetu ya zamani yasema tutafute istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tugeukie ugenini. Katika jambo hili Kiswahili chenyewe hakiko mbali. Kabla ya programu hizi kufika, vibanda vya video vya Dar es Salaam vilikuwa na wasimulizi waliotia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo ijulikane kwa kanda zilizouzwa mitaani. Msimulizi wa namna ile hana mstari wa wakati wala fremu za kuhesabu, lakini anajua aingie lini, anyamaze lini mlio wa bunduki upite, na lini amwache mwigizaji alie mwenyewe. "Kutia sauti", "kuingia", "kupisha": maneno haya yamekwisha kutiwa kazini, na tumeyakuta pia katika studio za muziki. "Kupisha" hasa tungelipenda lichukuliwe rasmi, kwa ile hali ambapo muziki unashuka wenyewe kila msemaji anapofungua kinywa na kupanda anaponyamaza. Maelezo tuliyoyasoma yalitumia sentensi nzima, na si fupi, kulieleza jambo hilo.

Neno moja limetushinda mpaka sasa. Fundi huishika alama iliyo juu ya mstari wa wakati na kuisogeza mbele na nyuma kidogo kidogo, akisikiliza punje za sauti, hadi aipate fremu ambayo silabi inaanzia. "Kuburuta" limekwisha kuchukuliwa na kazi za kipanya kwa jumla, na "kupekua" lina sura ya upelelezi. Mbagala tumesikia "kuchokonoa", na tunakiri kwamba linaieleza kazi barabara, ingawa baadhi ya wenzetu ofisini wanaliona halina adabu ya kutosha kuingia katika orodha. Wasomaji walio na neno jingine, au walio na hoja ya kulitetea hili, na watuandikie kabla ya orodha kufungwa.